Kumi na Tisa Anakaa Wapi

Mama yangu hakuwa mtu wa kuogopa. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaomfahamu siku hizi tu, wakimwona anavyopapasa ukuta akitoka chumbani, wanadhani ndivyo alivyoumbwa, na mimi nina hasira na watu wanaodhani. Alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu. Nilikuwa mwanafunzi wake, kwa bahati mbaya yangu, na nilimwona kwa macho yangu akikata kipande cha sodiamu, kidogo kama punje ya choroko, akakidondosha kwenye beseni la maji. Kikakimbia huku na huko juu ya maji kikichemka na kutoa mvuke, na mstari wa mbele wote ukarudi nyuma kwa mpigo mmoja. Yeye alibaki palepale na koleo mkononi, akatuuliza tunakimbilia wapi wakati somo liko hapa.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Vizibo. Kwenye maabara za walimu wengine kulining'inia jedwali la elementi, lile bango kubwa lenye visanduku vya rangi rangi, kwake halikuwepo. Alisema bango linafundisha watoto kukariri, na aliyekariri akitikiswa kidogo tu anamwaga yote. Yeye alikuja darasani na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo vya soda, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi ya kucha, kuanzia moja hadi mia moja na kumi na nane, kizibo kimoja kwa kila elementi. Jedwali tulilijenga wenyewe sakafuni, tukiwa tumepiga magoti, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kizibo bila kutoa sababu. Ukimwambia kiko hapo kwa sababu kitabuni kiko hapo, alikunyang'anya akampa mwenzako.

Sababu zenyewe zilitoka kwenye namba nne tu: moja, tatu, tano, saba. Atomu, alituambia, ni nyumba ya kupangisha, na elektroni ndio wapangaji. Kila elementi ina mpangaji mmoja zaidi ya ile iliyoitangulia, na wapangaji wanaingia kuanzia ghorofa ya chini. Ghorofa ya kwanza ina chumba kimoja. Ya pili ina chumba kama hicho na vitatu vya aina nyingine. Ya tatu inaongeza vitano, ya nne inaongeza saba. Kisha anaweka kizibo kimoja sakafuni, anakizungushia vitatu, ubavuni na chini yake, na hapo una mraba wa viwili kwa viwili. Anauzungushia vitano, unakuwa mraba wa vitatu kwa vitatu. Anauzungushia saba, vinne kwa vinne. Moja, nne, tisa, kumi na sita. Na kwa kuwa kila chumba kinalala wapangaji wawili na si zaidi, ghorofa zinabeba wawili, wanane, kumi na wanane, thelathini na wawili. Mpaka leo nikiingia nyumba yenye vigae sakafuni nahesabu hivyo, na mimi ni mshonaji, sina haja nayo hata chembe.

Uzuri wa nyumba hii ulikuwa kwamba tabia ya elementi unaisoma kwenye ghorofa yake ya juu kabisa. Yenye mpangaji mmoja peke yake huko juu haina subira. Inamsukumia mpangaji huyo yeyote anayepita. Ndiyo maana lithiamu, sodiamu na potasiamu zote hazipatani na maji, na ndiyo maana kwenye jedwali zinakaa safu moja, moja chini ya mwenzake, ya tatu, ya kumi na moja, ya kumi na tisa. Ukijenga sawasawa, ndugu wanajikuta wamepangana wenyewe. Ukikosea, unaona mara moja, kwa sababu safu inajaa watu wasiojuana.

Sasa nieleze hofu ilivyoingia nyumbani kwetu, maana haikupiga hodi.

Tunaishi watatu. Chumba cha mbele ndicho duka langu la ushonaji, na cherehani yangu iko karibu na dirisha. Jiko liko katikati. Chumba cha nyuma ni cha mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja. Yeye alikuwa na kibanda cha soda karibu na kituo cha mabasi, na vizibo vyote vya mama vilitoka kwake. Akili yake ilianza kumtoka taratibu, leo jina, kesho njia ya kurudi nyumbani, mpaka ikafika mahali anamwita mama "shangazi" na mimi ananiita "mteja". Kila siku anatafuta ufunguo wa kibanda. Kibanda kilibomolewa zamani, lakini yeye ana hakika ufunguo aliuweka chini ya mto, na usipouona mto umeinuliwa na shuka limevutwa, jua bado hajaamka. Hana wasiwasi hata kidogo. Anatafuta kama mtu anayejua anachotafuta, na hilo ndilo lililokuwa likimkata mama maini.

Mama alimwosha, alimlisha, alimchana nywele. Na kila asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, alimwaga kopo lake juu ya meza na kulijenga jedwali kuanzia mwanzo. Nilidhani ni mazoea ya kazi, kama mimi ninavyotembea na sindano kwenye ukosi wa gauni hata siku ya mapumziko. Nilimtania kwamba wenzake wakistaafu wanafuga kuku.

Asubuhi moja nilitoka dukani kufuata pasi. Nilisikia harufu ya sufuria inayoungua kabla sijafika. Maji ya chai yalikuwa yamekauka, sufuria imeanza kubadilika rangi, na mama ameketi mezani umbali wa mkono mmoja, hakuinua hata kichwa. Nilizima moto. Nilitaka kusema neno la utani, nikaona vizibo vilivyopangwa mezani.

Mstari wa kwanza, yaani ghorofa ya kwanza, aliupanga vizibo viwili, sawa. Wa pili vinane, sawa. Wa tatu ulikuwa umekwenda, umekwenda, mpaka ukaning'inia nje ya meza. Alikuwa ameuwekea kumi na vinane. Na mstari wa nne ulianza na kizibo namba ishirini na tisa, kimekaa chini kabisa ya kumi na moja.

"Chini ya sodiamu nimepata shaba," alisema, bila kunitazama. "Shaba watu wanatengenezea sufuria. Wanachemshia maji. Inakaaje chini ya sodiamu?"

Nilimwambia kwamba mstari wa tatu unaishia kizibo namba kumi na nane, na kumi na tisa ndiye anayeanza mstari wa nne, chini ya kumi na moja. Nilisema kwa sauti ya mtu anayerahisisha mambo. Aliniambia anajua anakaa hapo, si mjinga. Halafu akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mama yangu, macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Sikuulizi anakaa wapi. Nakuuliza kwa nini. Ghorofa ya tatu ina nafasi kumi na nane. Wameingia wanane tu, vyumba vitano vizima viko wazi. Kumi na tisa anapandaje ghorofa ya nne na chini kuna vyumba? Nilikuwa na sababu, mwanangu. Nimewafundisha watu miaka yote kwa sababu hiyo. Siioni."

Mimi pia sikuijua. Nilipita darasa lake kwa kuibia kwa jirani, na hilo yeye alilijua kabla yangu. Nikasema labda amechoka. Ndipo akaniambia ile meza ya asubuhi ilikuwa nini. Tangu dada yake alipoanza kupotea, alijiwekea kipimo. Majina mtu yeyote anasahau, funguo mtu yeyote anapoteza, lakini jedwali hakulikariri, alilijenga kwa sababu, na sababu haiwezi kuanguka kichwani bila kichwa chenyewe kuwa kinaanguka. Siku atakayoshindwa kulijenga ndiyo siku ameanza safari ya dada yake. Alikuwa ameamua hivyo na hakumwambia mtu. Sasa siku imefika, na chai hata hatujanywa.

Siku ile ile alimpigia simu mwalimu mkuu. Alikuwa bado anakwenda shuleni kusaidia masomo ya vitendo, kuwashikia watoto mikono wanapomimina asidi. Alisema haendi tena. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna tatizo, akajibu hakuna, ila wamtafute mtu mwingine, na wasimwachie chupa yoyote mtu asiyejua kwa nini. Alikata simu akakaa, mikono mapajani.

Zile siku zilizofuata sizipendi hata kuzikumbuka. Mama alizichukua karatasi zangu za kukatia vipimo vya nguo, akazijaza moja, tatu, tano, saba, akijaribu kumlazimisha kumi na tisa apande juu kwa hesabu. Kila njia aliyopita ilimrudisha palepale: vyumba tisa, nafasi kumi na nane, hakuna sababu ya kupanda. Alikuwa sahihi kila mara, na kila mara aliogopa zaidi. Nikamkuta anaandika kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa jiko, "ZIMA MOTO," kwa herufi kubwa. Mimi nikishona nilikuwa nimetega sikio jikoni badala ya kazi. Kijiko kikidondoka, naacha kukanyaga. Kukiwa kimya, ndiyo mbaya zaidi. Sindano ya cherehani ilinipita kwenye ukucha nikiwa namsikiliza, na bado nilisubiri kusikia kama ametembea ndipo nikapiga kelele.

Na nikueleze wazi, sikuwa namwogopea yeye peke yake. Niliwatazama wale wawili mlangoni asubuhi, mmoja anamvalisha mwenzake sweta, pua ile ile, vidole vile vile vilivyopinda mwishoni. Nikatazama vidole vyangu vikiwa vimeshika mkasi. Vimepinda vile vile.

Nilimpeleka kwa daktari. Alikuwa kijana mpole, anamwita mama "Mwalimu" kila baada ya maneno mawili, na chumba chake kilikuwa na dirisha lisilofunguka. Alimpa maneno matatu ya kuyashika: ndoo, sindano, barabara. Kisha akamwambia achore saa, na mama akaichora hata ungeitamani ukutani. Akamwambia aanzie mia moja atoe saba, atoe saba tena. Mama alishuka ngazi zile kwa kasi mpaka daktari akamwomba asimame, yeye mwenyewe ameachwa nyuma. Nikaanza kupumua. Ndipo akaulizwa yale maneno matatu.

"Ndoo," alisema mama. "Barabara."

Alitazama dirisha, akatazama meza, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sindano yangu imechomekwa kwenye ukosi, kama kawaida, uzi mwekundu unaning'inia. Aliitazama hasa. Niliona macho yake yakitua juu yake na kupita. Mkono wangu ulitaka kwenda kwenye ukosi, nikaukalia. Daktari akasema si neno, Mwalimu, haina shida. Lakini yeye ndiye aliyesema haina shida, mama hakusema.

Jibu la daktari lilikuwa jibu la daktari. Haiwezekani kusema sasa. Mtu anayemuuguza dada yake bila kulala vizuri anasahau. Hofu yenyewe inasahaulisha. Turudi baada ya miezi kadhaa, mama apumzike, ale vizuri. Tulitoka tukiwa na mashaka yetu yote kama tulivyoingia nayo, na njiani mama aliniuliza mara moja tu neno la tatu lilikuwa lipi. Nilipomwambia, alitazama ukosi wangu, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kesho yake asubuhi alilibeba kopo la vizibo hadi chumba cha nyuma. Nadhani aliogopa kukaa peke yake na ile meza. Mimi nilimfuata na sinia la chai na mkate, nikasimama mlangoni. Mama mkubwa alikuwa ameegemea mto, amechangamka, na mama alikuwa akipanga vizibo juu ya blanketi, miguuni pake, akijisemea chini chini. Wawili. Wanane. Akafika kumi na nane, akakishika kizibo cha kumi na tisa mkononi, mkono ukabaki hewani. Alikuwa akinong'ona tu, "Kumi na tisa, kumi na tisa," kama mtu anayemwita mtoto asiyetaka kuitika.

Mama mkubwa alitazama kile kizibo. Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kibandani, yenye kelele kidogo kwa ajili ya mabasi:

"Kumi na tisa kachungulia chini, kaona wenyeji wanasukumana, kapanda zake juu. Si ndivyo unavyowaambia watoto? Halafu unawaambia, hapa msiniulize hesabu yake, mimi sina, huyu tumemwona tu kapanda."

Sikuthubutu kuweka sinia chini.

"Niliwaambia hivyo?" aliuliza.

"Unajifundishia kwangu kila siku kabla ya shule, umekalia kreti langu," alisema mama mkubwa. Akanyoosha mkono akachukua kizibo, akakigeuza, na nikaona uso wake ukizimika taratibu. "Utakunywa ya baridi au ya moto, shangazi?"

Mama alicheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akachukua kizibo mkononi mwa dada yake, akakiweka chini ya kumi na moja, na vingine vikafuata kwa kasi, mpaka potasiamu ikakaa chini ya sodiamu na shaba ikaenda kwenye safu yake na fedha na dhahabu. Alinieleza akiwa bado anapanga. Nyumba yenye mpangaji mmoja tu, hesabu yake inatoka safi, na ghorofa ya tatu vyumba vyote ni sawa. Wakiwa wengi wanasukumana, vyumba vinaacha kuwa sawa. Vile vitano vinakuwa na usumbufu mkubwa, na kile kimoja cha ghorofa ya nne kinakuwa nafuu kwa muda, kwa hiyo kumi na tisa na ishirini wanapanda huko, kisha ishirini na moja anarudi kujaza chini. Lakini kiasi cha kusukumana huko hakitoki kwenye miraba ya vizibo. Hakuna anayekimaliza kwa kalamu na karatasi. Watu walitazama elementi zenyewe kwanza, wakaona mistari ya mbili, nane, nane, kumi na nane, kumi na nane, na hiyo nane ya pili ilibidi kupokelewa kama ilivyokuja.

Niliweka sinia chini, nikamshika mabega. Nikamwambia basi hakusahau kitu, amehangaika bure, amekuwa akitafuta hesabu ambayo hata haipo, hiyo si akili kupotea, hiyo ni ubishi wake tu.

Mama aliacha kupanga. Alinyanyua macho, na ule woga nilioufikiria umeondoka ulikuwa umekaa palepale, umetulia zaidi kuliko mwanzo.

"Kitu unachokijua kikipotea, mwanangu, unaona pengo," alisema. "Mimi sikuona pengo. Nilikuwa natafuta kitu ambacho sijawahi kuwa nacho, na nilikuwa na hakika kabisa nilikiweka mahali."

Nyuma yake mama mkubwa alikuwa ameanza kuinua mto.

Nilimimina chai, tukanywa sisi watatu chumbani mle, mama mkubwa akiuliza kama tumemlipa. Miezi ya daktari bado haijaisha. Mama hajarudi maabara, na maandishi ya mlango wa jiko hatujayafuta. Kila asubuhi analijenga jedwali, na sasa ninaacha kazi nakwenda kukaa naye. Aliniomba nisimsaidie, na sindano niivae palepale ninapoivaa siku zote. Siku nyingine kumi na tisa anakwenda mahali pake moja kwa moja, na mama ananisimulia wale wenyeji wanavyosukumana, akiongeza chumvi. Siku nyingine mkono unabaki hewani, nami natazama kizibo kile na kubana pumzi, na sijui nitaibana mpaka lini.

Akimaliza narudi dukani. Nakaa kwenye cherehani, nakanyaga, na bila mtu kuniamuru naanza kichwani mwangu: moja, tatu, tano, saba. Nawaingiza wapangaji mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Nikifika kumi na tisa mguu unasimama, na sikanyagi tena mpaka nimejiambia kwa sauti kwamba hapa hesabu sina, na kwamba sikuwahi kuwa nayo.